Safu ya Kumi na Moja

Machi. Theluji imeteremka upande wa kusini tu.
Kaskazini bado imelala, nzito,
kama mgeni asiyetambua kwamba wenyeji wanapiga miayo.

Bibi Hermine ameikamata ngazi kwa mikono miwili
ingawa nimeifunga kwa kamba na haiendi popote.
"Ilarie, kuna ubaya gani huko?"
Bado sijafika hata kwenye mlizamu.

Darini nilianza nako: ndoo saba.
Kila ndoo ameiandikia kwa chaki tarehe
na kimo cha maji: vidole viwili, vidole vinne,
na ile iliyo karibu na dohani: *imejaa, nililia.*

Naandika.
Dohani: bati la risasi limeachia pembeni.
Mfereji: majani ya mjozi, manyoya ya korongo,
na mpira wa watoto wa shule, nusu yake imekuwa bustani.
Makombamoyo nayachoma kwa bisibisi, shubiri kwa shubiri.
Yananijibu ko, ko, ko,
kisha moja linajibu fu.
Fukusi. Unga wake umetua juu ya daftari langu,
mwororo kuliko wa mkate.

Paa hili lina macho mawili, vidirisha vilivyosinzia,
kama mapaa yote ya mji huu chini ya Karpati.
Watalii huyapiga picha, husema yanawatazama.
Mimi nimepaa juu ya macho hayo tangu ujana
na sijayaona yakitazama kitu ila mvua.

Vigae ni vya mkono. Kila kimoja kina michirizi
ya vidole vya mtu aliyeupapasa udongo mbichi
ili maji yaijue njia.
Nagonga kwa kifundo: kizima hulia kama kikombe,
chenye ufa hukohoa.
Vilivyokufa navibandua, kuanzia mkiani,
kama mtu anayempaa samaki na hataki kumwamsha.

Safu ya kumi na moja, kulia kwa jicho la pili,
mkono unasimama kabla ya akili.

Ufito umeteleza, vigae tisa vimeufuata.
Naugeuza. Hauna hata tundu la msumari.
Mtu aliulaza tu, akaufunika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Misumari iliniishia mfukoni, mingine ilikuwa chini,
vipago ishirini na vinne, na upepo ule wa Novemba
unaokunyang'anya vidole kimoja kimoja.
Fundi Teofil alikuwa barabarani akigombea bei ya chokaa.
Kesho, nikajiambia.
Kesho yake tukaenda kwenye paa jingine.
Alitazama juu mara moja, akafumba jicho,
akasema: mstari umenyooka.
Ulikuwa umenyooka.

Miaka thelathini na mitatu vigae tisa
vilishikiliwa na uzito wao
na hisani ya majirani.

Fomu ina kisanduku: *Chanzo cha uharibifu.*
Unachagua: umri, upepo, theluji, wanyama, mengineyo.
"Ilarie! Mbona kimya?"
Naweza kuandika theluji. Theluji haina wakili.
Fundi Teofil yuko makaburini, nyuma ya kinu,
na jicho lake moja bado amelifumba.

Wametuambia habari za asiyeziba ufa.
Hawakutuambia habari za aliyeufunika
kwa mstari ulionyooka.

Naandika *mengineyo*.
Kalamu inagoma kwa baridi, naipulizia pumzi,
naandika jina langu, la ukoo pia, na mwaka.

"Bibi! Nipandishie misumari."
"Ulisema leo ni kukagua tu. Nimelipia kukagua."
"Nimesema mengi."
Kimya. Kisha mlango wa banda, kisha vyuma vikigombana.
Anaifunga ndoo kwenye kamba, ile ya *nililia*,
chaki yake imefutika nusu,
nami naivuta, naivuta,
imejaa misumari ya kuezekea kanisa.

"Mikubwa au midogo?" anauliza,
ikiwa tayari mikononi mwangu.